Waliochelewa Kumlilia DJ Voltage

Kidole cha Jean-Paul Kitenge bado kiko hewani, na uwanja mzima wa Kasongo umegeuza shingo kukifuata.

Wewe msomaji wa kila wiki unajua kilimwelekea nani. Wewe uliyeokota gazeti leo, kaa, hutapotea. Watu walikusanyika mchana kweupe kumkumbuka Gédéon Amuri, mtangazaji aliyeitwa DJ Voltage, aliyefariki mwaka huu huko Wamaza wakati wa mvua. Jean-Paul, mgombea wa ubunge, ndiye aliyekodi mahema, viti na sono, yaani vyombo vya sauti. Na Jean-Paul ndiye aliyeshika mikro akatamka maneno haya:

“Muko munauliza nani aliuza Voltage kwa polisi. Ule mutu iko hapa hapa. Amekaa mustari wa pili, amefunga kitambaa ya buluu.”

Kitambaa cha buluu kilikuwa kichwani mwa Arlette Feza.

Arlette hakusimama, wala hakulia. Alikaza fundo la kitambaa chake taratibu, kisha akamtazama Jean-Paul kama mtu anavyomtazama nzi aliyetua kwenye sahani ya jirani.

“Endelea,” alisema. “Ulikuwa unasema muzuri.”

Jean-Paul hakutarajia hilo. Alikuwa amejiandaa kwa kelele. Alitegemea mwanamke atupe viatu, ajigaragaze, ili yeye amhurumie mbele ya wapiga kura. Akakohoa.

“Ninyi wote munamujua Yaya Arlette,” aliwaambia watu, akimpa Yaya, heshima ya dada mkubwa.

Kweli walimjua. Leo Arlette ni mshonaji sokoni, lakini miaka ile hapakuwa na sauti iliyojulikana kuliko yake kutoka Kasongo hadi Kabambare. Redio ilikuwa ndogo, juu ya kilima, iliitwa Sauti ya Kilima. Kabla ya Voltage ilikuwa redio ya hotuba, matangazo ya misiba na magitaa ya zamani. Voltage alipoingia alileta kinanda cha umeme, kompyuta mbovu iliyofunguliwa mgongo, na ngoma ambayo hakuna mkono ulioipiga. Yeye aliweka muziki wa mashine. Arlette alisoma salamu.

Vijana wa Kabambare walipanda baiskeli hadi Kasongo, nyimbo walizorekodi wamezifunga kwenye leso. Bibi zao waliokuwa wakiimba kwa lugha yao ya Kibangubangu wakati wa kupalilia karanga walijisikia redioni, na chini ya sauti zao mdundo wa umeme unapiga kama moyo wa mtu aliyekimbia. Wengine walicheka mpaka wakakaa chini. Wengine walilia.

Wakubwa walisema ni kelele za wahuni. Mashehe na mapadri walikubaliana kwa hilo bila hata kukutana. Sasa wakubwa walewale wamekaa leo kwenye viti vya mbele vyenye mito, wanatikisa vichwa kwa muziki wa Voltage, na hakuna kichwa hata kimoja kinachofuata mdundo. Arlette alikuwa akiwatazama tangu asubuhi. Alikuwa hajaona kitu cha kuchekesha kama kile tangu azaliwe, na hakucheka.

“Mimi siko mutu wa kuchongea watu bule,” Jean-Paul aliendelea. “Sikilizeni wenyewe. Hii sauti ni ya siku walikamata Voltage. Yaya Arlette anasema na polisi kwa telefoni, ndani ya studio, muziki unapiga nyuma.”

Akamwashiria fundi wa sono. Bafle, zile spika kubwa, zikanguruma, halafu sauti ikatoka, changa, laini, inayojulikana na kila mtu aliyepita miaka arobaini.

“Kujeni. Voltage iko hapa ndani ya studio. Iko peke yake.”

Uwanja mzima ukageukia kitambaa cha buluu.

Mwanamke mmoja aliyekaa kando ya Arlette alivuta kiti chake mbali kidogo. Alikuwa mkwe wa mkubwa fulani, na dakika chache kabla alikuwa amemshika Arlette mkono akimwita mama wa historia.

“Hata kiti chako kinaogopa,” Arlette alimwambia. Kisha akapaza sauti. “Weka tena.”

“Yaya, inatosha,” Jean-Paul alisema kwa huruma ya bandia. “Tusikuaibishe zaidi.”

“Nimesema weka tena. Na uongeze sauti.”

Fundi alimtazama bosi wake. Jean-Paul akatabasamu na kuinua mabega. Kama mama anataka kujimaliza, amalizike. Sauti ikapigwa tena, kubwa zaidi, mpaka maturubai ya mahema yakatetemeka. Kujeni. Voltage iko hapa. Iko peke yake.

Sasa Arlette akasimama. Hakumwangalia Jean-Paul. Alitafuta uso mmoja nyuma, kwa watu waliokosa viti, akaupata. Estelle, muuza maandazi, ambaye zamani alicheza mpaka wanaume wakamwachia uwanja.

“Mama Estelle. Masikio yako ingali muzima?”

“Ingali.”

“Chini ya sauti yangu kunapiga wimbo gani?”

Estelle aliinamisha kichwa. Midomo yake ilianza kusogea kabla hajajibu.

“Ile ni Antena Imelala.”

“Waliitunga juu ya nini?”

“Wee, Arlette, unauliza mambo unayojua. Si juu ya redio kufungwa? Voltage alikuwa ndani ya kasho, gereza ya kule Kindu, tayari. Vijana wa Kabambare ndiyo walitunga, tukapata kwa telefoni, huyu anapatia mwenzake. Redioni haikupigwa hata siku moja. Redio gani? Ilikuwa imefungwa.”

Nyuma mtu mmoja alianza kuuimba wimbo ule taratibu. Wa pili akamfuata. Watu wenye mvi, wenye wajukuu migongoni, wakaanza kuutikisa mwili bila kupanga. Waliujua. Waliuimba usiku na mchana mwaka ule wa ukimya.

Arlette aliwaacha waimbe kidogo.

“Basi,” alisema, “nilimuuza Voltage huku ninapiga wimbo wa kulilia kufungwa kwake, na yeye hajafungwa. Mimi ni mutu wa ajabu sana.”

Kicheko kikapita uwanjani. Hata askari waliolinda mahema walicheka.

“Ile maneno ni yangu, sikatai. Nilikuwa nayasema kila juma. Kujeni, Voltage iko hapa ndani ya studio, iko peke yake, mulete nyimbo zenu. Umekata mukia, ukaacha kichwa, halafu ukatandika muziki juu ya kidonda ili kisionekane. Na hata muziki umeshindwa kuchagua. Uliishi miaka mingapi pembeni ya ule mutu, Jean-Paul? Hukujifunza kitu?”

Kwa maana Jean-Paul naye alikuwa kijana wa redio ile. Alibeba nyaya, alipanda mlingoti, alifagia studio. Leo anasema waliianzisha wawili, yeye na Voltage. Kwenye fulana zilizogawiwa asubuhi, picha yake ni kubwa kuliko ya marehemu.

“Hii ni kosa ya fundi,” Jean-Paul alisema.

Fundi alianza kuchunguza waya ambao haukuwa na shida yoyote.

Mtu mwenye haya angeshuka jukwaani wakati ule. Jean-Paul hakuwa na mzigo huo. Alifuta uso, akaisogelea mikro, na kwa sababu alizoea kuuliza maswali yasiyojibiwa, akauliza moja:

“Sawa. Tuache ya sauti. Lakini wapendwa, mutu fulani alimuuza. Kama si Arlette, ni nani?”

Swali likakaa hewani. Na kutoka viti vya mbele, vile vyenye mito, likajibiwa na kikohozi.

Mzee mmoja alikuwa akijaribu kusimama. Fimbo yake iliteleza, akaiokota, akajaribu tena. Papa Dominique. Leo ni mzee wa parokia, anafundisha watoto sala na kufoka wakichezacheza. Miaka ile alikuwa mkubwa wa askari waliopanda kilimani kuifunga redio.

“Papa Dominique iko mugonjwa,” Jean-Paul alisema haraka. “Mumusaidie, mumurudishe nyumbani.”

Vijana wawili wa fulana wakamsogelea mzee. Arlette akaweka kiti chake katikati ya njia yao.

“Iko mugonjwa wa miguu,” alisema. “Mudomo ni muzima. Mupeni mikro.”

“Mikro ni ya programu,” Jean-Paul alisema.

“Basi atasema bila mikro, na sisi tutanyamaza. Ama munataka kusikia Jean-Paul tena?”

Hawakutaka. Uwanja ulinyamaza kweli, ikabaki sauti ya pikipiki moja tu mbali upande wa soko. Papa Dominique alishika fimbo kwa mikono yote miwili.

“Hakuna mutu alimuuza,” alisema. “Ule kijana alitaja redioni majina ya wale watoto wa kuleta nyimbo, waliopigwa na askari kwa barrière, kizuizi ya barabara ya Kabambare. Wakubwa wakasema tumulete. Tukamutafuta, hatukumuona. Alikuwa amefichwa na watu. Kasongo nzima ilikuwa imemuficha.”

“Mulimupata namna gani?” Arlette aliuliza.

“Tulikamata mutu mwingine. Asubuhi, kando ya soko. Alikuwa mutumishi wa redio. Hatukumugusa. Nasema mbele ya Mungu, hatukumugusa. Tulimuonyesha fimbo tu, akalia mpaka askari mmoja akamuletea maji. Hata Voltage iko wapi hakujua. Alitaja nyumba za watu wote anaojua, tukaenda, tukakuta watu bule.”

Jean-Paul alikuwa ameanza kupanga karatasi zake mezani.

“Tukatuma neno,” mzee aliendelea. “Tukasema, kijana wenu iko kwetu. Mchana Voltage akakuja. Peke yake, na baiskeli. Alikuwa amepiga shati pasi. Akaniambia, muachilie huyu, ndani ya kichwa yake hamuna kitu, kichwa ya redio ni mimi. Nikamuachilia.”

Mzee akainua fimbo. Haikuwa lazima. Kila mtu alishaona.

“Iko pale. Amevaa koti.”

Watu walimtazama tu Jean-Paul, na koti lile la kijivu, la kitambaa kizito, katika joto lile.

Arlette hakuwa na habari hii. Miaka yote alijua Jean-Paul ni mwoga na mwongo. Hakujua kwamba Voltage alikuwa amejipeleka mwenyewe. Hakutaka watu hawa wapate machozi yake bure. Lilibaki swali moja, na alikuwa amelibeba tangu siku ile Voltage aliporudi kutoka Kindu, akashuka kwenye gari, akasalimiwa na watu mia, na asigeuke kwa salamu hata moja.

“Na masikio?” aliuliza. “Nani alimupiga masikio?”

Papa Dominique alijibu bila kuinua macho.

“Ni mimi.”

“Ulimupiga na nini?”

“Mikono. Hivi.” Alijaribu kuinua viganja vyake pande mbili za kichwa, fimbo ikaanguka. “Aliniambia nisikilize nyimbo za wale watoto kabla ya kuwapiga. Nikakasirika. Nikasema, wewe utasikiliza nini. Arlette, mwanangu, mimi naomba—”

“Usiombe,” Arlette alisema.

“Mimi ni muzee, nitakufa.”

“Yeye amekutangulia kufa. Aliishi Wamaza miaka yote hii, barabara unaijua, pikipiki zinaenda. Uliogopa nini? Hangekusikia hata kama ungemutukana. Ungekaa tu kando yake. Hukuenda. Umengojea watu wakodi viti.”

Mzee akakaa. Hakuna aliyemwokotea fimbo.

Arlette mwenyewe alikuwa amekwenda Wamaza mara chache, si mara nyingi kama ilivyompasa, na hilo alijisemea bila kujidanganya. Alimkuta Voltage akilima mihogo na mkewe, Marie-Louise. Jioni Voltage aliwasha redio ndogo, akaweka kiganja juu ya bafle, akafumba macho. Muziki ukiwa mzuri aliacha mkono. Ukiwa mbaya aliuondoa na kupangusa kiganja kwenye suruali. Hakuna hata mmoja wa viti vya mbele aliyewahi kuona mkono ule. Alipougua, hakuna aliyetuma hata panya wa kumsalimia.

Sasa ungedhani Jean-Paul amekwisha. Arlette naye alidhani hivyo, na hapo ndipo alipokosea, kwa sababu alipima aibu ya Jean-Paul kwa aibu ya watu wa kawaida.

Jean-Paul aliacha karatasi. Alivua koti polepole, akalitupa chini. Kisha akapiga magoti mbele ya mikro, mabega yakaanza kutikisika.

“Ni kweli,” alilia. “Ni kweli, wapendwa. Ni mimi. Voltage aliteswa badala yangu.”

Watu wakashtuka.

“Miaka yote nimebeba huu uzito. Nilikuwa kijana, nilishikwa, akakuja kuniokoa. Mutu gani anafanya vile, kama si baba kwa mwana? Alijua. Alijua siku moja nitasimama kwa ajili yenu. Voltage alinichagua, wapendwa. Alinichagua.”

“Hakukuchagua,” Arlette alisema. “Alisema kichwa yako haina kitu.”

Lakini hakuwa na mikro, na fundi wa sono, mtu aliyejua mkate wake unatoka wapi, alikuwa ameshapandisha muziki. Wimbo wa Voltage, ule wa bibi na karanga, ukapasuka kutoka bafle zote. Mwanamke aliyevuta kiti alianza kulia kwa sauti. Mkubwa mmoja akapanda jukwaani kumwinua Jean-Paul na kumkumbatia, wakapigwa picha. Na watu, wale wale waliocheka sasa hivi, wale waliotambua wimbo na kukamata uongo kwa mkia, wakaanza kupiga makofi.

Arlette aliwaangalia mmoja mmoja. Alimwona Estelle tu akiwa ameshika beseni lake la maandazi, mdomo wazi, hapigi makofi.

“Wanapiga makofi, Arlette,” Estelle alisema alipomfikia.

“Wanapiga. Kesho akiwaambia alizaliwa redioni, wataleta nguo za mutoto.”

“Utafanya nini?”

“Nitaenda kushona. Kuna watu wananingojea na nguo za kweli.”

Jukwaani Jean-Paul alikuwa amesimama tena, macho mekundu, sauti imepona.

“Na kwa sababu aliteswa badala yangu,” alitangaza, “sitakubali alale porini kama mutu asiye na watu. Nimetuma vijana wangu Wamaza. Tangu asubuhi wako kwa kaburi. Voltage anarudi Kasongo. Atalala kilimani, chini ya antena ya redio mupya, Redio Voltage, na mimi mwenyewe nitaifungua.”

Vigelegele. Arlette akageukia jukwaa.

Wanamfukua. Sasa hivi, wakati watu wanacheza, kuna majembe juu ya kaburi la Gédéon, na mkewe yuko huko peke yake.

Simu yake ilikuwa ikitetemeka ndani ya mkoba, na hakujua ilikuwa imeanza lini. Jina kwenye kioo lilikuwa la Marie-Louise. Arlette akaziba sikio moja, akarudi nyuma ya hema, akainama.

“Marie-Louise. Nimesikia sasa hivi. Walikuuliza? Umekubali?”

“Hawakuuliza.” Sauti ya mjane ilikuwa tulivu mno, na upepo ulivuma ndani yake. “Walikuja na barua ya mukubwa gani, sijui. Wamechimba. Wamefika kwa jeneza.”

“Kaa juu yake. Lala juu yake. Ita watu wa Wamaza, mimi natafuta pikipiki.”

“Hapana, Yaya. Usikimbilie kaburi.”

“Unasema nini?”

“Ndani ya jeneza Gédéon hayumo.”

Muziki ulikuwa mkubwa. Arlette alidhani amesikia vibaya.

“Rudia.”

“Wakati wa musiba, watu wa Jean-Paul walikuja kupima mahali pa kaburi. Wanauliza gari inaweza kufika, wanauliza udongo ni mugumu. Nikaelewa. Mimi na kaka zake tulimuzika alfajiri, mahali alipochagua mwenyewe. Muchana tukazika jeneza mbele ya watu wote. Tuliweka migomba, Yaya. Tulikata migomba miwili ya nyuma ya jiko. Wewe ulitupa udongo juu ya mugomba. Unisamehe.”

Arlette alikumbuka udongo ule mkononi, unyevu, na jinsi alivyolia siku ile mpaka akashikwa na wanawake wawili. Kwa ajili ya mgomba.

Akacheka. Alijaribu kuziba mdomo kwa kitambaa, akashindwa, akacheka mpaka akashika nguzo ya hema. Mbele yake, kupitia upenyo wa turubai, viti vya mito vilikuwa vimesimama vyote kwa heshima, wakubwa wameweka mikono vifuani, na Jean-Paul anaahidi mnara wa saruji na taa. Kwa mgomba uliooza. Watamwaga saruji juu ya mgomba, wataweka mashada, watapeana mikono. Gédéon mwenyewe asingetunga wimbo mtamu kama huu.

“Walete,” alisema akijifuta macho. “Walete huku, walizike na orkesta. Mimi nitakaa mustari wa kwanza.”

“Yaya, ngoja. Sijamaliza. Ndiyo maana nimepanda kilima kutafuta mtandao.” Sasa utulivu ulikuwa unapungua. “Migomba imeoza. Jeneza ni jepesi kama kikapu, na linavuja maji. Walipolinyanyua, mumoja akasema hakuna mutu ndani ya hiki kitu. Wakatoa ubao. Wameona.”

Kicheko kikakauka.

“Wameona?”

“Wameona. Mukubwa wao naye amepanda nyuma yangu. Kilima ni kimoja, mtandao uko hapa tu. Amesimama kule kwa jiwe, mugongo kwangu. Hajaniona. Anapiga telefoni.”

Arlette aligeuka kuelekea jukwaa.

Jean-Paul alikuwa katikati ya sentensi. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu, umeshika kitu kisichoonekana, pengine mustakabali. Mkono wa kushoto ukaingia mfukoni, ukatoka na simu. Alitazama jina, akataka kuirudisha, akatazama tena. Akawaomba watu radhi kwa kidole, akaiweka sikioni.

Alisikiliza. Tabasamu lilibaki mdomoni kwa sababu hakukumbuka kuliondoa, lakini macho yalianza kutembea: kwa wakubwa, kwa wapiga picha, kwa umati. Yakatembea mpaka kwenye upenyo wa turubai. Yakamkuta Arlette, simu sikioni, machozi ya kicheko bado mashavuni.

Akaelewa. Na Arlette akaona kwamba ameelewa.

Sema sasa, Arlette alimwambia kimoyomoyo. Waambie jeneza lina nini. Kwa mara ya kwanza katika maisha yako sema neno la kweli, nami nitakuheshimu kwa muda wa kunywa chai.

Jean-Paul alizima simu. Aliirudisha mfukoni, akapangusa midomo, akaisogelea tena mikro.

“Ndugu zangu, habari njema,” alisema. “Vijana wamenipigia. Voltage ametoka Wamaza. Iko njiani.”

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele.

“Kesho tutamupokea. Na kwa sababu mujane amechoka, nimechagua mutu wa kuweka mukono juu ya jeneza na kusema mbele yenu wote, kwa jina ya familia, kwamba huyu ni yeye.” Macho yake hayakuondoka kwenye upenyo. “Ule aliyefanya naye kazi. Ule aliyemujua kuliko sisi wote. Yaya Arlette, toka kule nyuma, watu wakuone.”

Vijana wawili wa fulana walikuwa tayari wanakuja kumshika mikono kwa heshima. Makofi yakaanza, ya watu walewale.

“Yaya,” Marie-Louise alisema ndani ya simu, na sasa alikuwa anahema, kama mtu anayeshuka mteremko kwa haraka, “ule mukubwa wao amegeuka. Ameniona. Wanakuja wote, na majembe, wananiuliza nimemuweka wapi.”

Arlette akasukuma turubai, akajitokeza mwangani.